Kona za Barabara ya Walungu

Liège, siku ya mvua

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Kifua kimetulia? Unakula vizuri, au bado unawasumbua wanaokupikia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Bado naendesha basi la mji. Juzi, kwenye kona moja nyembamba, nilijikuta nikisema kwa sauti, "Gauche, kushoto, kwa mama ya viazi!" Abiria wakanikodolea macho. Nilicheka, nikakata kona.

Unayakumbuka mashindano ya magari ya Walungu? Wewe bingwa wa Kivu nzima, vumbi mpaka kwenye kope, na maman kando yako. Madereva wengine walisomewa kona kutoka kwenye karatasi. Maman alizitaja kwa watu waliokaa hapo: kwa mama ya viazi, kwa mwenye nyuki, kwa katekista. Siku ulipopokea kombe ulimshika mkono ukawaambia watu, "Miye niko na mikono tu. Macho iko ya bibi yangu." Nilijivuna kuliko wewe.

Mdogo wangu Bahati ameniandikia kwamba mpaka leo madereva wa Walungu wanaziita kona zile hivyo hivyo, hata vijana ambao hawakumjua marehemu maman. Nilifurahi sana. Lakini ameniandikia na jambo lingine. Umegonga kwa gari ukuta wa jirani hapo Nyalukemba, ukasema, "Ni ukuta ilisogea."

Papa, ukuta haukusogea. Macho yako yamechoka na unatuficha. Naogopa. Sitaki kupokea telegramu kwamba bingwa amemgonga mtoto wa watu.

Najua kumwambia bingwa atoe ufunguo ni kama kumvua nguo hadharani. Ila sikuombi ukae nyumbani. Mpe Bahati ufunguo, mikono anayo. Jumapili baada ya misa mwende naye Walungu, umtajie kona moja moja. Wewe unazijua hata ukifumba macho.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na tonton, mjomba wetu fundi, aliyekesha na injini yako miaka yote ile. Jirani mwenye ukuta umsalimie pia, na umwombe radhi.

Tangu maman atutoke hujamruhusu mtu yeyote akalie kiti chake garini. Nakuelewa. Sasa kikalie wewe, Papa.

Mwanao anayekukumbuka kila kona,
Murhula