Moshi wa Kibanda cha Kuogea

Lahti, 3 Machi 1994

Mpwa wangu Irja,

Mama yako hakuuawa na mabomu ya Warusi. Nimekuficha hilo miaka hamsini na minne. Asante kwa soksi za sufu. Daktari anasema sitaishi kuzichakaza.

Warusi walipovuka mpaka mwaka 1939, jeshi letu la Ufini liliamuru vijiji vichomwe ili wakose pa kulala. Nilitumwa kuchoma chetu. Nikamkuta mama yako anasugua sakafu.

"Dada, nyumba inachomwa leo!"

"Basi iungue ikiwa safi. Na wewe, vua hayo mabuti!"

Nikakupakia kwenye gari la farasi la majirani. Yeye akasema angewafuata. Niliporudi nyumba ilikuwa tupu, nikaiwasha. Kibanda cha kuogea mvuke kilikuwa kikifuka moshi mlangoni, nikadhani askari mwenzangu ameshakiwasha ila moto haujashika. Nikakimwagia mafuta ya taa, moto ukashika, nikakimbia, maana mizinga ilikuwa imekaribia. Nilisahau kwamba wanawake wetu hawahami nyumba bila kuwasha jiko la kibanda hicho na kuoga.

Nikiwa ukingoni mwa msitu nilimsikia akiniita kwa jina, mara mbili. Niliogopa mizinga. Sikurudi.

Mjomba wako,
Tauno