Limao na Majivu kwenye Saksafoni ya Kassim

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimetoka shifti Herndon, miguu imevimba. Nikapitia Temple Hills kwa kaka Kassim kumbadilishia shuka. Mashine ya oksijeni inanguruma, naye anashindana nayo kuongea. Hadithi ya kiwanda cha saksafoni yake, tena. Wafaransa walioanza na tarumbeta za jeshi, wakapanda hadi saksafoni. Vita ikaja, shaba yote ikaenda kwenye risasi. Wakaanza upya. Mjukuu wa mwenye kiwanda hakujali muziki, akauza, wanunuzi wakafunga milango. Anawasikitikia kana kwamba ni wajomba zetu. Hapa Marekani kafika, Ufaransa kwenyewe hajafika! Saksafoni yake ni ya hao hao. Aliachiwa na Mkongo aliyepiga naye dansi Dar. Miaka sasa iko chini ya kitanda, ngozi za kuziba matundu yake zimekauka.

Leo ameomba kitu kimoja. Anataka kuisikia kabla hajaondoka. Mapafu yake hayawezi, apige mtu mwingine. Nikamwambia aache upuuzi. Kisha nikaibeba.

Jumatatu, 6 Oktoba

Fundi yuko Landover, nyuma ya maghala. Mzee wa Kimarekani, si msemaji. Spea hakuna, kiwanda kilishakufa. Atakata mwenyewe ngozi mpya za kuziba matundu. Nikamweleza hali ya kaka. Akasema ataitengeneza, na Jumapili atakuja kuipiga yeye mwenyewe.

Nimelia ndani ya gari. Basi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeichukua mbio mbio, sikungoja hata aijaribu. Kassim kaipapasa tu. Nesi amesema tuwaite watu wa karibu. Naogopa.

Jumapili, 12 Oktoba

Wifi Mwanaidi! Mungu amsamehe, mimi bado. Jana kaona saksafoni ya mumewe imefubaa na mgeni anakuja. Akaisugua kwa limao na majivu ya jiko la nyama, kama wanavyosugua masinia ya shaba kwao Tanga. Kisha akaisuuza bombani. Inang'aa, haki ya Mungu. Jina la kiwanda halisomeki tena. Ngozi zimelowa zote, majivu yamejaa kwenye vitufe. Fundi alipopuliza ikatoka hewa tu.

Mwanaidi akakaa chini sakafuni. Nilimtolea maneno ambayo siyaandiki hapa. Kassim ndiye aliyetunyamazisha, kwa mkono. Fundi akasema kesho ataleta ya kwake. Kassim akakataa. Atangoja yake. Fundi akaondoka nayo.

Jumanne, 14 Oktoba

Kassim amefariki alfajiri. Hakuisikia.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumemzika. Nyumba imejaa watu, kisomo, sufuria za pilau. Mwanaidi ameingia eda. Hatusemeshani. Najua si vizuri. Siwezi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Fundi kapiga simu, saksafoni imepona. Nikaenda Landover, nia yangu niichukue niondoke. Akaniomba nisubiri aijaribu. Sijui kilichonituma, nikampigia Mwanaidi. Kutoka nje hawezi, yumo edani. Nikaielekeza simu kwa fundi.

Akapiga wimbo wa polepole, nisioujua. Sauti laini, safi. Nililia mbele ya yule mzee bila aibu. Alipomaliza, nikairudisha simu sikioni. 

"Wifi," Mwanaidi akasema, "hii siyo. Ya Kassim ilikuwa na mkwaruzo."

Kweli. Ulikuwapo. Wote tuliujua, ndiyo iliyokuwa sauti yake. Nikamuuliza fundi ule mkwaruzo umekwenda wapi. Ni zile ngozi za zamani, akasema, zilikuwa zinavujisha hewa. Alizitoa zote ile wiki ya kwanza.

Yaani kabla ya limao. Kabla ya majivu. Sauti aliyoingoja Kassim ilishaondoka mimi nilipoipeleka saksafoni kwa fundi.

Nikamwambia Mwanaidi hivyo hivyo. Alilia sana, nikamwacha alie. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jioni nimepita kwake. Tumekula kiporo cha wali, sisi wawili.