Kamba Niliyoikalia

Mtunda, Kibiti

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Sisi wazima, babu yako kikohozi kimemwacha, na mbuzi wako kazaa mapacha. Wewe huko Dodoma unakula, au unashindia chipsi?

Unauliza kama ukubali kuwa mshangiliaji tu wa mpira wa wavu, kwa vile unatembelea magongo. Magongo unayo kama mimi. Mdomo wangu umeuacha wapi?

Miaka ile mitumba ndiyo kwanza inaingia, nilikuwa kiongozi wa wasuka mikeka hapa. Sikukuu ya Idi, watani zetu wa Dimani wakaja tuvutane kamba. Wenzangu wakaniambia, "Mwanaidi shoga, wewe tushikie watoto." Mimi? Na kamba nimeisuka kwa mikono hii! Nikaikalia. Nikasema, "Leo tunavuta wote tumekaa chini, kama tunavyosuka mikeka. Asiyetaka akasuke kamba yake."

"Mtani, una wazimu," akacheka kiongozi wa Dimani, akakaa. Tukavutana, vumbi puani, vicheko vikatumaliza nguvu. Tukashindwa vibaya.

Wakati wa kuondoka akaninong'oneza, "Mwakani kamba iwe hii hii. Nina mdogo wangu hasimami, hatujawahi kumleta uwanjani."

Mwaka uliofuata akaletwa. Mikono ile, Zuhura! Alituburuza kama vikapu vitupu, huku anacheka kuliko sote.

Basi kawaambie wenzako washushe wavu, wacheze wote wamekaa chini. Wakikataa, ukalie mpira. Kushangilia nitakuja mimi.

Bibi yako,
Mwanaidi