Mapapai Yaliyovishwa Wanga

Jumatano, 30 Julai
Nimevisha mapapai sita mifuko yangu, yakae bila kuoza. Mifuko imetoka safi — wanga wa muhogo, maji, mafuta ya nazi kidogo, unaanika kwenye sinia mpaka ubanduke. Ukishamaliza kazi nao unaufukia shambani, unaoza. Mama Fuatino kasimama mlangoni muda wote. Eti muhogo mzuri unatumika kushonea matunda nguo! Huyu mama mkwe atanitoa roho.

Bwana Colin, mnunuzi wa Auckland, anapita Jumanne ya tarehe 12. Anataka kuifungua mifuko mwenyewe aone. Yakiwa mazima, kikundi chetu cha akina mama kimepata soko. Yakioza, mapapai ya kijiji kizima yanaendelea kuliwa na nguruwe. Nguruwe wetu wamenona kuliko sisi!

Jumatano, 6 Agosti
Mazima! Hata kunyauka hakuna. Iosefo kasema laiti ningemvisha na yeye mapema. Mume wangu anajijua.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani jina letu lilitangazwa kwa zawadi tuliyompelekea mchungaji. Nikajivuna. Nikarudi nyumbani — rafu ya mapapai tupu. TUPU!

Mama Fuatino ndiye aliyeyapeleka. Nimemuuliza kwa nini, akanishangaa. Matunda mazuri namna ile, ale nani kabla ya mchungaji?

Na kilichoingia kwa mchungaji hakitoki. Nimembembeleza Iosefo akaombe japo moja. Kasema bora ahamie msituni. Nina hasira!

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekwenda mwenyewe, na samaki mkononi, nisionekane mdai. Mke wa mchungaji kanikumbatia mlangoni.

"Lagi, mwanangu! Zile tambi zako!"

Tambi gani?

Mifuko! Kaivua, kaichemsha kwenye tui la nazi. Mchungaji kala mpaka kalamba bakuli. Mapapai yenyewe wamepewa watoto wa shule ya Jumapili. Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Limebaki moja, kabatini, na mfuko wake. La mgeni, kasema. Nikamwambia mgeni yupo, anakuja kesho, na anataka kulifungua kwa mkono wake. Kafurahi: basi ale hapa hapa! Nimepona.

Jumanne, 12 Agosti
Naandika jikoni kwa mchungaji, nyuma ya karatasi ya sukari. Nimewaambia nafuata chumvi.

Bwana Colin yuko mkekani, miguu imemshinda kukunja. Mchungaji aliomba mpaka samaki wakapoa. Kisha likaja sinia, papai juu yake.

Uchi.

Nikamtazama Mama Fuatino. Akanikonyeza! Eti mgeni hapewi tunda limefungwafungwa kama mgonjwa. Amelivua jikoni, amelifuta na mafuta, linang'aa.

Bwana Colin akaligeuza, akalinusa, akalikata. Jekundu, gumu, tamu — niliona macho yake. Akauliza limechumwa lini.

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akaniwahi.

"Leo asubuhi, mwanangu! Mgeni wetu tumpe tunda la zamani? Tuna aibu bado!"

Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Mke wa mchungaji akakubali. Iosefo, mume wangu wa ndoa, akakubali! Nimpinge mama mkwe mbele ya mchungaji, nimwambie mgeni amelishwa papai la wiki mbili?

Bwana Colin kasema ni tamu sana, asante, lakini la leo asubuhi kila mtu analo. Ameomba aone lile la kwenye mfuko. Ndege yake ni saa kumi.

Nachungulia. Mke wa mchungaji amemwekea bakuli la tui la nazi, na tambi ndani. Anakula. Anasifu. Anauliza tena kwa upole, mfuko uko wapi — na kijiko kiko mdomoni.

Ananiita. "Lagi?"