Fisi, Mkwe na Sauti ya Mwanambuzi

Jumatatu, 2 Juni

Nimelia tena kama mwanambuzi asubuhi nzima, pua nimeibana, kiganja mdomoni. Koo linawasha. Fisi hakuja. Bwana nyama, askari wa wanyamapori, alikaa nyuma yangu na bunduki yake, akisinzia. Kijiji kizima kinaijua kazi yangu sasa. Nikipita kijiwe cha bodaboda wananililia meee. Wacheke. Wao hawaingii kwenye matete.

Mimi naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Tangu fisi huyu amng'ate usoni mzee aliyekuwa amelala dunguni kwake akilinda mpunga, kila jani likitikisika naona meno. Mzee bado yuko hospitali Ifakara.

Jumanne, 3 Juni

Bwana nyama anasema fisi ameshanizoea, sauti yangu haimdanganyi tena. Anataka sauti ya mbuzi wa kweli, tuirekodi kwenye simu, tuilize kwa spika. Nilikubali haraka kuliko heshima ya mwanamume inavyotaka. Spika unaiweka kule, wewe unakaa huku. Kwa mwoga huenda kicheko.

Bahati, mkwe wangu, mama yake Sabina, alikuwa amemleta mwanambuzi wake nyumbani, ana jipu mguuni. Sabina, mke wangu, akalikamua jipu. Nikasogeza simu. Alilia kilio cha kukata roho. Kizuri mno kwa kazi yetu. Jioni amerudishwa kwa mwenyewe, shambani.

Alhamisi, 5 Juni

Mwanambuzi hayupo. Ilikutwa kamba imekatika chini ya dungu la mkwe. Damu hakuna. Watu wote wanasema fisi. Mkwe anasema amepotea, atarudi.

Sabina amemsihi mama yake arudi kijijini mpaka fisi auawe. Hataki. Mpunga umeiva, akiondoka ndege na nguruwe watamaliza. Ni mjane, hana mtoto mwingine. Analala peke yake juu ya miti minne iliyofungwa kwa kamba, na matete yako pale pale.

Kesho tunailiza ile sauti upande wake. Alipaswa kuambiwa. Kwenda mwenyewe siwezi; mkwe wa kiume hajongelei mahali mama mkwe alipo peke yake. Kwetu hilo halina mjadala. Tukikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mwingine apite. Sabina akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena. Tukasema atakuwa amesikia tangazo la mwenyekiti wa kijiji, kwamba watu wasikaribie matete.

Nimejiambia hivyo mara nyingi leo. Sitaki kulala.

Ijumaa, 6 Juni

Niandike tu.

Tulifika kabla jua halijatoka. Ukungu. Spika nikaiweka kwenye kichuguu, nikarudi kulala kifudifudi kando ya bwana nyama. Nikabonyeza simu. Mwanambuzi akalia.

Alilia muda mrefu. Halafu matete yakatikisika upande wa mashamba. Kitu kinakuja chini chini, kinasimama, kinakuja. Bwana nyama akaweka shavu kwenye bunduki. Nilifurahi. Lazima niseme ukweli, nilifurahi.

Ndipo nikasikia prrr, prrr. Midomo imebanwa, taratibu. Nikasikia tena.

Fisi haiti mbuzi. Mtu ndiye anayeita mbuzi. Na mwito ule naujua, nausikia kila jioni kutoka mbali, kwa sababu kuusogelea siruhusiwi.

Nilipiga mtutu kwa kiwiko. Risasi ikalia ikaingia ardhini. Matete yakanyamaza. Nikapiga kelele, "Mama! Mama!" Hakujibu. Nikajua nimemuua mama wa mke wangu.

Nilikimbia. Alikuwa amekaa kwenye tope, kanga imejaa maji, mzima. Nikamshika mabega. Tangu nimwoe Sabina sijawahi hata kumpa mkono. Akanishika shati, hakuniachia.

"Yuko wapi?" akauliza. "Mwanambuzi wangu yuko wapi? Namsikia."

Spika ilikuwa bado inalia. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliitazama. Akaniachia shati, akajifunika uso kwa kanga, amekumbuka mimi ni nani kwake.

Bwana nyama alitapika nyuma ya kichuguu. Simlaumu.

Jumamosi, 7 Juni

Nilidhani hofu imeisha jana. Bwana nyama alirudi kule kuangalia alama, akaja kuniita. Njia ambayo mkwe alipita akitambaa kwenye tope inaonekana vizuri, viganja na magoti. Nyayo za fisi ziko juu yake. Juu, si kando. Pale mama mkwe alipojibanza asikilize, fisi naye alisimama. Mpaka karibu na alipoangukia.

Sauti ilimwita mama mkwe, na fisi akaja nyuma ya mama mkwe. Bunduki ndiyo iliyomfukuza. Tungechelewa kidogo, tungesikia kilio kingine.

Nimeifuta ile sauti. Sabina sijamwambia habari za nyayo. Kanipikia, kaweka chakula, kaondoka.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikwenda. Bwana nyama kaomba wenzake waje, wameahidi wiki hii. Fisi bado yupo. Amesikika mtoni.

Mchana mkwe alimtuma Sabina kwangu. Ujumbe mfupi: mpunga haujaisha, peke yake hawezi tena, na mkwe wa kiume ndiye mtoto wa kiume aliye naye. Nikamuuliza Sabina, na mwiko wa ukwe wetu je? Akasema hilo aliliuliza na yeye. Mama yake alijibu kwamba ukwe ulikuwepo Ijumaa, haukumsaidia.

Jumatatu, 9 Juni

Niko dunguni. Nilifika na panga na tochi tangu jana jioni, nikakohoa chini ya ngazi, nikapiga shikamoo nikiangalia pembeni. Akaitika marahaba, akasogea.

Tumekesha tumepeana migongo. Yeye anaangalia mpunga na mto, mimi naangalia matete. Hivyo hatutazamani, na hakuna upande uliobaki wazi. Sikumwona uso usiku kucha. Nilimsikia akitetemeka, nadhani naye alinisikia mimi.

Alfajiri ndipo alipozungumza. "Nyasi zikitikisika, sema kwa maneno. Usilie kama mbuzi."

Nikasema ndiyo, mama.

Sasa jua limepanda, ndege wameanza. Amelala, kichwa kwenye magunia, kanga usoni. Mimi ndiye ninayewafukuza ndege. Nimeangalia matete mara tatu nikiandika mstari huu. Bado yametulia.