Simu Iliyoganda Kwenye Jina la Mbarouk

Jumatano. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na shingo inaniuma kila nikigeuka. Naandika kwa sababu usingizi hauji.

Mdogo wangu Zuwena amelazwa hospitali. Juzi mumewe, Mbarouk, alimpiga kwa mbuzi ya kukunia nazi nyumbani kwao Bububu. Kichwa kimeshonwa, mkono umevunjika. Katikati ya kipigo alikimbilia stoo, akajifungia, akajaribu kunipigia. Simu haikutoka. Mbarouk akauvunja mlango, akaendelea mpaka majirani walipomvuta. Polisi walipofika alikuwa keshatoroka.

Simu ile ni miongoni mwa zinazoendeshwa na programu ninayoiandika mimi.

Kazi yangu ndiyo hiyo, katika ofisi ndogo hapa Amani: kuandika programu ya ndani ya simu za vitufe, ile inayoiamsha simu na kuifanya ipige na kupokea. Jana Bi Salma, jirani yake Zuwena, aliniletea simu yenyewe. Ilikuwa bado imeganda. Kwenye skrini jina la Mbarouk, na hakuna kitufe kinachoitikia.

Niliiunganisha na kompyuta kabla haijazimika. Kumbukumbu ilikuwa imejaa simu zisizopokewa, zote za mtu mmoja. Zuwena yuko sokoni, anapigiwa. Yuko jikoni, anapigiwa. Asipopokea, anapigiwa tena papo hapo.

Leo asubuhi nimelipata kosa. Kila simu inapoingia, programu inachukua kipande cha kumbukumbu kumwekea mpigaji jina na namba. Ikipokewa, kipande kinarudishwa. Isipopokewa, kinabaki kimeshikwa, mpaka nafasi inakwisha na simu inakufa mkononi. Kwenye majaribio hatukuliona. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwandama mwenzake hivyo.

Tiba yake ilikuwa mstari mmoja.

Nilikuwa naijaribu tiba hiyo, Mbarouk alipoingia. Mwenzangu Khamis alikuwa chini anapokea mzigo, mimi niko peke yangu mezani. Shati lake limerowa, macho mekundu.

"Nnataka simu ya mke wangu. Nnajua Bi Salma kakuletea."

"Simu utaikuta polisi," nikamwambia.

Alinishika shingo, akanibamiza uso kwenye meza. Nikasikia pua inavunjika. Akanibamiza tena. Damu ikanijaa mdomoni, vidole vyake vikazidi kukaza, na pumzi ikawa haipiti. Mkono wangu ulipapasa mezani ukakuta chuma cha kuchomelea nyaya, bado kimewaka. Nikakigandamiza kwenye mkono wake.

Alipiga ukelele, akaniachia. Nikamfuata. Nikamchoma shavuni, na alipoanguka nikamkanyaga mbavu mpaka Khamis akaja mbio kunishika kiuno.

"Mwache, Rukia. Yuko chini. Mwache."

Sikutaka kumwacha. Hilo naliandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu mwingine. Kama Khamis angechelewa, ningemuua mtu leo, na wakati ule nilikuwa naona raha.

Polisi wamemchukua. Mimi nimefungwa pua, nimebadilisha nguo, nimekwenda kwa Zuwena.

Aliniangalia uso. Nikamwambia kakamatwa. Akafumba macho. Halafu akasema taratibu, "Dada, ile simu nlibonyeza nini?"

"Vipi?"

"Kule stoo. Nlibonyeza vibaya, ndo maana haikutoka. Yeye kila siku ananambia mimi hata simu siijui."

Nikamweleza yote, polepole, kama nilivyoyaona kwenye kompyuta. Kwamba alibonyeza sawasawa. Kwamba ni Mbarouk aliyeijaza simu kwa kumpigia bila kukoma, na programu yangu ikashindwa kuubeba mzigo ule.

Alilia kwa mara ya kwanza tangu juzi. Alilia mpaka nesi akaja kutazama kuna nini.

"Si mimi," akawa anasema. "Basi si mimi."

Khamis ataisambaza programu iliyorekebishwa, ifike kwenye kila simu tuliyoitoa. Sijui ni wangapi wengine wamejifungia mahali wakiwa na simu iliyoganda mkononi. Sitaki kulifikiria hilo usiku huu, lakini nalifikiria.

Asubuhi polisi wanakuja wodini kuchukua maelezo. Zuwena kasema ataongea mwenyewe, mimi nikae tu karibu.

Nitakaa.