Marahaba ya Mzee Protasi

Jumatatu, 9 Machi 2026

Baba yako amevishwa mashine ya kupumulia, mwanangu! Bugarama nzima ndiye wa kwanza. Nesi Danstan kamfunga barakoa usoni, hewa inamsukuma mpaka mashavu yanavimba kama ya mpiga tarumbeta. Nimewaambia wodi nzima kwamba binti yake ni nesi Mwanza.

Haya, u mzima? Wajukuu je? Mimi miguu inauma, nimekaa kwenye benchi tangu jana, simu mkononi. Wamesema ni nimonia. Sasa si atapona, maadamu mashine ipo?

Mama yako, Domisiana

Jumatatu jioni

Shikamoo mama. Sisi wazima, ila nimetoka zamu hata kula sijala. Pole na benchi.

Mama, barakoa haiponyi. Inamsaidia tu kuvuta pumzi wakati dawa inafanya kazi, na wengine haiwatoshi. Dalili huonekana mapema. Kila saa hesabu kifua kinavyopanda, dakika nzima. Kikizidi mara thelathini na kisishuke, au akivuta kwa shingo, au akisema yasiyoeleweka, mwite daktari papo hapo. Atahitaji mpira wa kupitishia hewa kooni, na mpira ukichelewa tunampoteza.

Mwanao, Priscila

Jumanne, 10 Machi

Salamu mwanangu. Nahesabu kwa rozari, pumzi moja punje moja; makumi matatu yakipita, hiyo ndiyo thelathini yako. Danstan alicheka, kisha akaniomba niwe nampa namba. Unamwona mama yako? Na darasa la saba langu!

Asubuhi 26. Saa nne 34. Saa nane 27. Saa kumi 35. Daktari anasema kesho isipotulia, barakoa imeshindwa. Nimechoka mpaka Salamu Maria naisahau katikati.

Mama

Jumanne jioni

Shikamoo mama. Namba zako nimezisoma mara tatu. Barakoa ikishindwa, kwa kawaida pumzi haipandi na kushuka namna hiyo. Saa nne na saa kumi kuna nini hapo?

Priscila

Jumatano, 11 Machi

Marahaba. Sikufichi. Hizo ni saa za kuona wagonjwa. Wanakuja watu wa nyumbani, shemeji Matiasi na wenzake. Wanamwambia, "Shikamoo mzee." Sasa mzee mzima anyamaze kama gogo? Nilikuwa namvua barakoa aitikie marahaba. Kwa kila mmoja. Jana walikuwa kumi na wanne.

Nimemwambia Danstan. Hakunigombeza, alishika kichwa tu, na hilo ndilo lililoniuma. Leo nimesimama mlangoni nikawarudisha wote. Matiasi kasema, "Domisiana, huyo nesi wako wa Mwanza kakufundisha kiburi." Kutwa nzima ni 26, 27.

Mama

Alhamisi, 12 Machi

Priscila, 33. Hajaja mtu. Barakoa sijaigusa. Nimerudia: 36. Shingo inavuta, na ameniita kwa jina la marehemu mama yake. Hii si salamu tena. Nimemwita daktari kabla rozari haijaisha. Mpira umeshaingia, gari liko tayari, tunapitia Lusahunga kuja hospitalini kwenu Mwanza. Tupokee.

Mama

Jumatatu, 30 Machi

Ametembea mwenyewe mpaka mgombani, mwanangu! Habari za tangu tuachane? Safari ya kurudi ilikuwa njema, nimelala njia nzima.

Maneno ya daktari wenu nimeyasimulia kanisani, sokoni na kisimani: tungechelewa nusu siku, tungerudi na jeneza. Ile ya kumvua barakoa nimeisimulia mara moja tu, kwa Matiasi. Kesho yake akaleta mkungu wa ndizi.

Nimechoka, Priscila, uchovu usioisha kwa kulala. Vidole bado vinahesabu vyenyewe hata akisinzia tu juani. Sauti yake imekwaruzwa na ule mpira, kama ya mtu aliyelia siku tatu, lakini inatoka.

Nimewatangazia wote niliowafukuza mlangoni: waje wamwamkie, mmoja mmoja, naye atawaitikia bila haraka. Wewe na wadogo zako msikose.

Mama yako, Domisiana

Uchovu huu! Siku yenyewe nimesahau kuitaja. Ni Jumamosi, tarehe 11 Aprili.